Valletta kabla meli haijang'oa nanga

Ndugu zangu, meli ya kitalii inapofunga gati Valletta, Malta, mji hauko mbele yenu, uko juu ya vichwa vyenu. Ndivyo ulivyokusudiwa. Jeshi la Waturuki liliizingira Malta mwaka 1565. Machi 1566 watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana wakaweka jiwe la msingi juu ya mwamba uliozungukwa na bahari pande tatu. Kwa hiyo anzeni juu, mteremke.

Kutoka gatini, kama dakika 10 kwa miguu, kuna lifti kando ya ukuta wa ngome. Hupanda mita 58 na kuwafikisha kwenye bustani za Upper Barrakka. Wengi hukosea hapa: hunywa chai taratibu, wakishuka mjini saa 4 wanakuta foleni ya kanisa kuu. Shukeni mapema, mwende moja kwa moja kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, mfike mlango unapofunguliwa. Jumapili msijisumbue, ni siku ya ibada. Mabega yafunikwe, na viatu vya kisigino chembamba viacheni melini: sakafu yote ni makaburi ya marumaru ya rangi, karibu 400, na kisigino hicho huyatoboa. Mlinzi atawazuia mlangoni, na ana haki.

Humo ndani, ingieni kikanisa cha pembeni chenye mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608, Yohana Mbatizaji akikatwa kichwa. Msiutazame kwa kupita. Simameni nyuma kwanza, muone jinsi nusu ya turubai ilivyoachwa giza tupu. Kisha sogeeni, mfuate damu inayotiririka shingoni hadi chini: ndani ya damu hiyo mchoraji ameandika jina lake. Hakuna mchoro wake mwingine aliotia saini.

Saa 5:40 muwe mmerudi Upper Barrakka, kwenye ukingo. Saa 6 kamili mchana mzinga hulia chini yenu. Zamani manahodha walirekebishia saa zao kwa mlio huo. Umati ukitawanyika, shukeni mkapande dgħajsa, mashua ya mbao inayovusha watu hadi Birgu, mji wa watawa hao kabla ya Valletta. Bebeni fedha taslimu, tena noti ndogo.

Njiani tegeni sikio. Kimalta asili yake ni Kiarabu, na Mswahili hapotei: baħar ni bahari, dinja ni dunia, ktieb ni kitabu, sebgħa ni saba.

Sasa kurudi. Simu hufuata saa ya nchi, lakini meli inaweza kubaki na saa yake. Linganisheni kabla ya kushuka ngazi. Mkikuta foleni ya lifti jioni, msisubiri: teremkeni kwa miguu kupitia lango la Victoria hadi ufukweni. Ila mawe ya njia hizo yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, na yakilowa huteleza kama sabuni. Vaeni raba zenye soli inayoshika.