Wanne Nyuma ya Upepo Mmoja

Ndugu walimu, makocha, na nyinyi vijana mliokaa hapa mbele, asanteni kwa kuja.

Kabla sijasema neno lolote kuhusu Urusi, tazameni baiskeli hii niliyoiegemeza mezani. Nanyanyua gurudumu la nyuma, nalizungusha kwa mkono. Mnaona? Pedeli nazo zinazunguka. Fundi yeyote wa mtaani akiigusa atasema haina frii. Sproketi imekazwa kwenye habu, kwa hiyo gurudumu likienda, miguu nayo inakwenda, upende usipende. Gia ni moja. Breki hakuna, ya mbele wala ya nyuma. Ukitaka kupunguza mwendo unazuia kwa mapaja yako.

Sasa vijana wanne, njooni hapa. Simameni kwenye mstari, mmoja nyuma ya mwenzake. Karibianeni. Bado! Karibianeni zaidi, mpaka kati yenu isipite hata shubiri moja. Hapo ndipo wanapokaa wale watu, wakiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, juu ya mbao, kwenye kona zilizoinuliwa kama ukuta. Wa mbele anakata upepo, watatu wanajificha nyuma yake. Akichoka anapanda juu kwenye ukuta wa kona, anawaacha wapite chini, kisha anashuka na kudaka mkia wa mstari. Akikosea kidogo tu anaachwa, na akigusa gurudumu la mwenzake wanaanguka wote.

Haya ndiyo mashindano ya kufukuzana kwa timu. Kilomita 4, timu mbili, kila moja inaanzia upande wake wa uwanja. Saa haisimami kwa mtu wa kwanza, inasimama gurudumu la mbele la mtu wa tatu linapogusa mstari. Ndiyo kusema mmoja anaruhusiwa kujichoma mpaka mwisho, akabaki nyuma baada ya kuwavuta wenzake. Mimi nimefuatilia mchezo huu miaka mingi, na kila nikiiona zamu ile ya mtu aliyekwisha kabisa ikivutwa mpaka tone la mwisho, mwili unanisisimka.

Katika Umoja wa Kisovyeti kazi hii ilifanywa kuwa shule. Leningrad, ambayo leo ni Saint Petersburg, kulikuwa na Lokomotiv, chama cha michezo cha wafanyakazi wa reli, na ndani yake kocha aliyeitwa Alexander Kuznetsov. Mkewe, Galina Tsareva, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi za uwanjani mara 6. Mtoto wao Nikolay akapata fedha ya Olimpiki Atlanta mwaka 1996, katika kufukuzana huku huku kwa timu. Na binti yao? Wapenzi wa tenisi mnamjua: Svetlana Kuznetsova, aliyeshinda US Open mwaka 2004 na French Open mwaka 2009. Hiyo ni nyumba moja!

Mwanafunzi aliyevuma kuliko wote wa Kuznetsov ni Viatcheslav Ekimov, kijana wa Vyborg. Mwaka 1988 huko Seoul alisimama kwenye mstari wa wanne pamoja na Dmitry Nelyubin, Gintautas Umaras na Artūras Kasputis. Wakawashinda Wajerumani Mashariki kwa chini ya sekunde moja. Pimeni hilo: kilomita 4, watu wanane, na tofauti haifiki muda wa kupiga kofi moja. Wawili kati ya wale wanne, Umaras na Kasputis, ni Walithuania. Miaka michache baadaye nchi waliyoishindia haikuwepo tena.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana watu wengi wakisikia timu ya kulipwa ya uwanjani hudhani kuna zawadi nono mle ndani. Hakuna. Pesa ya baiskeli iko barabarani, kwenye mbio kama Tour de France, ambako jezi inaonekana kwenye televisheni wiki tatu mfululizo. Mwaka 1990 Ekimov aliingia timu ya barabarani ya Panasonic, na mwaka 2000 akachukua dhahabu ya Olimpiki Sydney katika mbio za kupambana na saa barabarani. Simlaumu hata kidogo. Lakini kocha wa uwanjani anabaki na swali: nani atamlipa mshahara kijana wa miaka 20 ili akae miaka minne akijifunza kushuka kwenye kona bila kupoteza nusu mita?

Warusi walilijibu kwa kuifunga timu ya uwanjani ndani ya timu ya barabarani. Mwaka 2006 mfanyabiashara Oleg Tinkov aliunda timu yenye jina la migahawa yake, na humo wakaingia vijana wa uwanjani: Mikhail Ignatiev, Nikolai Trusov, Alexander Serov. Ignatiev huyo, naye wa Saint Petersburg, miaka miwili nyuma, akiwa na umri wa miaka 19, alikuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki Athens katika mbio za pointi, zile ndefu za kukusanya alama njiani, akimwacha Joan Llaneras wa Uhispania, bingwa wa Sydney. Miaka 19! Mwaka 2007 timu ikabeba jina la benki ya Tinkov, na mwisho wa 2008 ikageuzwa kuwa Katusha. Mwaka 2012 ikaja RusVelo, ambayo baadaye ilivaa jina la Gazprom, kampuni ya gesi. Migahawa, benki, gesi: jezi zinabadilika, miguu ni ile ile. Mwaka huo huo wa 2012, London, wanaume wa Urusi walishika nafasi ya nne katika kufukuzana kwa timu.

Siwezi kuyasimulia haya nikaruka uchafu. Mwaka 2016, kabla ya Rio, waendeshaji watatu wa uwanjani wa Urusi walizuiwa kushiriki kufuatia ripoti ya mwanasheria wa Kanada, Richard McLaren, kuhusu dawa zilizokatazwa. Inaniuma, maana mchezo huu unategemea mtu kumwamini aliye mbele yake bila kumwona uso. Rio hiyo hiyo, Daria Shmeleva na Anastasia Voynova walipata fedha ya mbio fupi za timu, na mwaka 2021 huko Tokyo wakapata shaba, safari hii bila bendera ya nchi yao, kwa sababu ya adhabu ya kashfa ya dawa. Tarehe 1 Machi 2022, baada ya uvamizi wa Ukraine, shirikisho la baiskeli duniani liliziondolea timu za Urusi hadhi ya kushiriki mashindano yake. Gazprom–RusVelo ikafika kikomo pale, katikati ya msimu, mikataba ikiwa mkononi.

Maswali nitayapokea. Na yeyote anayetaka kuipanda baiskeli hii, twende nje kwenye ule uwanja wa lami. Nitakushika tandiko mzunguko wa kwanza. Usiache kupiga pedeli.