Raha ya Kukaa na Raha ya Kulala: Mhadhara wa Kuzuia Kisukari, Iringa Mjini

Kamwene, ndugu zangu. Kamwene wazee wangu, kamwene akina mama. Mliokuja bila kula tangu jana usiku naomba mvumilie kidogo, tutawapima tukimaliza mazungumzo.

Nimeombwa nizungumzie kuzuia kisukari kwa chakula, kwa mwenendo wa maisha na kwa mafunzo ya Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi. Nianze na hiyo Ayurveda, maana hapa mjini chupa na vikopo vyenye jina hilo vinauzwa kila kona, na watu wanavinunua kwa fedha nyingi.

Charaka Samhita, kitabu cha tabibu Charaka chenye umri wa karibu miaka elfu mbili, kinaeleza kundi la magonjwa ya mkojo ambalo mwisho wake ni mkojo mtamu kama asali. Kinapotaja chanzo chake, kinaanza na raha ya kukaa na raha ya kulala. Baada ya hapo ndipo kinataja maziwa ya mgando, nyama nono, nafaka mpya na vitu vilivyotengenezwa kwa sukari guru. Tabibu mwingine wa kale wa huko, Sushruta, aliona kwamba wapo wagonjwa wembamba waliozaliwa na hali hiyo, na wapo wanene walioipata kwa ulaji na uvivu. Kwa maskini aliyenenepa hakuagiza dawa ya gharama. Alimwagiza atembee masafa marefu bila viatu wala mwavuli, au achimbe kisima.

Hicho ndicho ninachotaka mkichukue leo. Sehemu ya Ayurveda inayozuia kisukari ni utaratibu wake wa kula, kutembea na kulala, na utaratibu huo haununuliwi dukani.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kwa uzito. Haya yote yanahusu kisukari cha aina ya pili. Mtoto au kijana anayekonda ghafla, anayekunywa maji mno, anayekojoa usiku kucha na kutapika, huyo huenda ana aina ya kwanza. Hiyo haizuiliki kwa chakula wala haitibiwi kwa majani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, anahitaji insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ili aishi.

Sasa aina ya pili inaingiaje? Ukila ugali, wanga wake unavunjwa kuwa glukosi, yaani sukari ya damu, na kuingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, na insulini inaiwezesha misuli kuipokea ile glukosi na ini kuiweka akiba. Mafuta yakizidi ndani ya ini na ndani ya misuli, insulini ile ile inafanya kazi kidogo, kwa hiyo kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi. Hali hii inaweza kwenda kwa miaka mingi mtu akiwa hana dalili hata moja. Kongosho likichoka, sukari inapanda. Ndiyo maana kusubiri kiu na kukojoa mara kwa mara ni kuchelewa.

Je, kuzuia kunawezekana kweli? Kunawezekana, na limepimwa. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafika kisukari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliofundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Ufini walikuwa wamepata asilimia 58 hiyo hiyo mwaka mmoja kabla. India kwenyewe, mwaka 2006, kubadili mwenendo kulipunguza hatari kwa takriban asilimia 28, na hapo uzito wa washiriki ulikuwa haujashuka kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo asiye mnene asidhani hayamhusu. Na mwenye kilo 80 ajue kwamba asilimia 7 ni kilo tano na nusu tu. Hatuombi mtu akonde mpaka nguo zimdondoke.

Twende kwenye sahani, kwa sababu hapa ndipo penye kazi kubwa kwetu sisi wa nyanda za juu.

Chakula chetu ni ugali, viazi, wali wa Pawaga, ndizi, maandazi na chai. Vyote ni wanga. Gramu 200 za unga wa mahindi, ambazo mtu mzima mwenye njaa anazimaliza kwa mlo mmoja, zina wanga wa gramu 150 hivi, na karibu wote unaishia kuwa glukosi. Mtu aliyelima tangu alfajiri misuli yake inaichukua. Aliyekaa dukani kutwa na kurudi kwa bodaboda, itakwenda wapi?

Kipimo nitakachowapa hakihitaji mzani. Ugali uwe kama ngumi yako mwenyewe, robo ya sahani. Robo nyingine iwe maharage, njegere, dagaa, samaki wa Mtera, yai au kipande cha nyama. Nusu nzima ya sahani iwe mboga za majani: figiri, chinesi, mnavu, majani ya maboga, kabichi, yoyote iliyopo. Najua nyumbani kwetu ni kinyume. Ugali unajaza sahani na mboga inakaa pembeni, kidogo, ya kutowelea. Kugeuza hapo pekee ni nusu ya kazi ya leo. Kisha anza na mboga na maharage, ugali ufuate. Nyuzinyuzi na protini zikitangulia tumboni, sukari inapanda polepole. Viazi mviringo navyo vihesabiwe upande wa ugali. Mtu anayekula wali na viazi, akaona viazi ni mboga, amekula wanga mara mbili.

Dona ni bora kuliko sembe. Mahindi yakikobolewa yanapoteza pumba na kiini, yaani nyuzinyuzi, vitamini na mafuta mazuri, tunavyowapa nguruwe. Lakini wengi wanaijaribu dona wiki moja wanaiacha, wanasema inanuka au ni chungu. Sababu ni kiini: kina mafuta, na mafuta yakishasagwa yanachacha. Saga kidogo, wa wiki mbili hivi, hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mahali pakavu. Na kwa kuwa husagi baada ya kukoboa, chambua mahindi kwa uangalifu, toa yote yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi au kuota ukungu, kwa ajili ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mahindi yasiyokauka vizuri msiyasage dona. Tena dona si ruhusa ya kurudisha mlima wa ugali, wanga wake bado ni mwingi. Ngumi ni ngumi.

Charaka aliwapangia wagonjwa wa mkojo mtamu shayiri na choroko. Sisi tuna mtama wa Isimani, tuna ulezi, tuna maharage ya kila rangi. Kande za mahindi yasiyokobolewa, maharage nusu na mahindi nusu, ni chakula ambacho ningependa kirudi mezani hata mara tatu kwa wiki. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu ambayo hayajaiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika. Karanga ziwe konzi moja. Mafuta ya alizeti, kwa familia ya watu watano, vijiko vitatu vya chakula kwa chungu cha mboga vinatosha. Kijiko kimoja kina kalori karibu 120.

Chai. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana baridi ya Juni na Julai tunaipiga kwa chai. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, kile cha lundo kinafika 6 au zaidi. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 36 hata ukisawazisha. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazokula, kama gramu 50 kwa mtu mzima, na inapendeza zaidi ikibaki chini ya 25. Soda moja ya mililita 350 ina takriban gramu 37, umeshapita. Msikate sukari siku moja, mtarudi nayo kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea. Weka tangawizi, iliki, mchaichai au mdalasini. Asali na sukari guru vihesabiwe sukari, hata kama ni vya asili. Juisi nayo, hata ya matunda matupu, ni sukari iliyoondolewa nyuzinyuzi. Kula tunda lenyewe. Ulanzi, utomvu wa mianzi, ukiwa mtamu uliogemwa asubuhi una sukari, ukichacha una kilevi, na kilevi kinaongeza kalori na hamu ya kula.

Ayurveda inafundisha kwamba tumbo lijazwe nusu kwa chakula, robo kwa kinywaji, robo iachwe wazi. Inafundisha pia kula baada ya njaa kuja kweli, kula cha usiku mapema na kidogo, na kutolala mchana baada ya kushiba. Nayakubali yote manne. Cha usiku kiwe saa kumi na mbili au saa moja jioni, yaani muda wa saa tatu kabla ya kulala. Tunachofanya sasa, kukaa na njaa kutwa halafu kula sahani kubwa kuliko zote saa tatu usiku na kuingia kitandani, ni njia fupi ya kunenepa kiuno. Usingizi wa usiku uwe wa muda wa saa saba. Mtu asiyelala vya kutosha insulini yake inafanya kazi vibaya na anatamani vitamu.

Baada ya kula, tembea. Wahindi wa kale walisema hatua mia, mimi nasema dakika kumi hadi kumi na tano. Msuli unaofanya kazi huchukua glukosi hata pale insulini inapokuwa imepungua nguvu, kwa hiyo kutembea mara tu baada ya mlo kunakata kilele cha sukari papo hapo. Juu ya hapo, dakika 30 za mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Iringa imejaa mipando. Kutoka mjini kuelekea Gangilonga kwa miguu ni mazoezi kamili. Wakulima msiseme mmeshamaliza. Jembe lina msimu, na baada ya mavuno inakuja miezi ya kukaa huku chakula kikiwa tele. Mzee asiyeweza mwendo mrefu akae kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara kumi, apumzike, arudie.

Nimeletewa karatasi mbili. Ya kwanza inauliza kuhusu karela, lile tunda chungu la mboga, na uwatu. Vileni kama chakula. Karela ikwanguliwe, ikatwe, ipakwe chumvi nusu saa, ikamuliwe na kuoshwa, ikaangwe na kitunguu na nyanya za Ilula. Uwatu, kijiko cha chai kimoja kilowekwe usiku na kuliwa asubuhi pamoja na maji yake. Una nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari. Mjamzito asitumie uwatu kama dawa. Ushahidi kuhusu karela ni mdogo na unapingana, kwa hiyo asitokee mtu akaacha vidonge kwa ajili yake. Anayetumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, au insulini, akiongeza karela au uwatu anaweza kushuka sukari: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Akifika hapo mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji haraka, kama bado anaweza kumeza, kisha ale.

Na vile vidonge na unga vya kwenye vikopo nawasihi muviache. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha walichokipata kwenye dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Risasi inaharibu figo na ubongo, na kwa macho huwezi kuiona.

Karatasi ya pili inauliza nani apime. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mgonjwa, mwenye presha, mama aliyepata kisukari cha mimba au kujifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi, na yeyote ambaye kiuno chake kimezidi nusu ya urefu wake. Chukua kamba, ipime urefu wako, ikunje katikati, izungushe juu kidogo ya kitovu ukiwa umetoa pumzi. Isipokutana, pita mezani.

Sukari ya damu asubuhi bila kula kwa saa nane, chini ya milimoli 6.1 kwa lita ni sawa. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo, na hapo ndipo haya yote yanafanya kazi vizuri zaidi. Ikifika 7.0 lazima irudiwe siku nyingine, hospitali, kabla ya mtu kuambiwa ana kisukari.

Naomba kila mmoja anawe mikono kwa maji na sabuni, akaushe kabisa. Aliyemenya embe au chungwa ana sukari kwenye kidole na mashine itasoma uongo. Tutachoma pembeni mwa ncha ya kidole, pana maumivu kidogo kuliko katikati. Wenye njaa meza ya kushoto, waliokula meza ya kulia, na mwambieni anayepima mlikula saa ngapi.