Kutoka maji ya mfereji hadi umeme: tukokotoe pamoja hatua kwa hatua

Karibuni. Leo tuna swali moja tu, tutalifuata kuanzia kwenye maji mpaka kwenye waya. Chukua daftari na kalamu. Kalkuleta iache pembeni kwanza.

Swali ni hili. Kijiji kimoja cha milimani, tuseme huko Njombe, kina mfereji unaoishia juu ya mteremko. Kutoka kwenye tangi la juu mpaka mahali pa kufunga tabaini, yaani gurudumu linalozungushwa na maji, kuna mita 25 za kushuka. Wanataka kujua watapata umeme kiasi gani, na shafti ya tabaini, yaani mhimili wake unaozunguka, iwe nene kiasi gani.

Kabla ya fomula yoyote, chora njia ya nishati. Angalia ubaoni: maji, bomba, tabaini, mkanda, jenereta. Visanduku vitano, na mishale katikati. Nawasihi msiruke mchoro huu. Wanafunzi wengi ninaowaona wakikwama kwenye maswali haya wanajua fomula zote, ila hawajui wamesimama kwenye kisanduku kipi.

Tuanze na maji. Kwenye sehemu ya mfereji iliyonyooka, pima upana: nusu mita. Kina: sentimita 20. Dondosha kipande cha kijiti majini, pima kinavyokimbia: mita 0.5 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na udongo wa chini na kingoni, kwa hiyo tunazidisha kwa 0.8. Sasa: 0.5 mara 0.2 mara 0.5 mara 0.8. Ni mita za ujazo 0.04 kwa sekunde, yaani lita 40.

Kwenye bomba msuguano unakula sehemu ya mteremko. Tuchukue mita 3 zimeliwa, zinabaki 22. Nguvu ya maji yanapoingia kwenye tabaini ni 1,000 mara 9.81 mara 0.04 mara 22. Tunapata wati 8,633.

Sasa tupite kila kisanduku. Tabaini ndogo iliyochomelewa karakana tuipe ufanisi wa asilimia 65: zinabaki wati 5,611. Mkanda asilimia 95: wati 5,331. Jenereta asilimia 85: wati 4,531. Kwa hiyo kijiji kitapata kama kilowati 4.5. Andika kila namba chini ya mshale wake, kwa sababu tutarudi kuzichukua.

Hapa ndipo nataka tukae. Tabaini inazunguka raundi 500 kwa dakika. Torki, yaani nguvu ya kusokota, kwenye shafti yake ni ngapi? Torki ni nguvu gawanya kwa kasi ya mzunguko. Wengi wanachukua 5,611 wanagawanya kwa 500, wanapata 11.2, wanapiga mstari chini. Simama hapo. Fomula inataka radiani kwa sekunde; raundi kwa dakika haziingii humo. Zidisha 500 kwa 2 na pai, gawanya kwa 60: radiani 52.36 kwa sekunde. Sasa 5,611 gawanya kwa 52.36 ni niutoni mita 107.2.

Tuone kosa lile lingefanya nini. Chuma chetu tusikisukume zaidi ya mkazo wa megapaskali 40 za msokoto. Kipenyo kipeo cha tatu ni 16 mara torki, gawanya kwa pai mara mkazo huo. Kwa torki ya 11.2 unapata shafti ya milimita 11 na kidogo, unene wa nondo ya kawaida. Kwa torki halisi unapata milimita 24. Ile nyembamba ingesokotwa mpaka ikatike siku ya kwanza ya kufungua maji, na kipande kinachoruka kwenye mtambo unaozunguka kinaweza kuua mtu.

Na hizo 24 bado ni za msokoto peke yake. Mkanda nao unaivuta shafti upande. Jenereta yenye poli nne, yaani ncha nne za sumaku, kwa umeme wetu wa hezi 50, inataka raundi 1,500, mara tatu ya tabaini. Weka puli ya milimita 360 kwenye tabaini na ya 120 kwenye jenereta. Kani inayosukuma mkanda ni torki gawanya kwa nusu kipenyo: 107.2 kwa 0.18. Nusu kipenyo, tafadhali, na kwa mita. Ni niutoni 595.

Hiyo 595 ni tofauti kati ya upande uliokaza na uliolegea. Tukichukua uliokaza unavuta mara tano ya uliolegea, wa kwanza una niutoni 744 na wa pili 149. Pande zote mbili zinaivuta shafti kuelekea kulekule, kwa hiyo unajumlisha: niutoni 893. Ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 91 kwenye puli. Ndiyo maana mimi ningeweka shafti ya milimita 35, na beringi inayoishikilia shafti ningeisogeza karibu na puli.

Tuhakiki kwa njia nyingine. Kasi ya mkanda ni pai mara 0.36 mara 500 gawanya kwa 60: mita 9.42 kwa sekunde. Zidisha na ile kani ya 595. Unarudi kwenye wati 5,600 na ushei, namba ileile iliyoandikwa chini ya tabaini. Zisingelingana, tungerudi nyuma kisanduku kimoja kimoja.

Sasa zamu yako. Simamisha video. Dukani puli ya 360 haipo, ipo ya 300 na ya 100. Raundi hazibadiliki. Tafuta kani ya mkanda na jumla ya mvuto wa pande zote mbili kwenye shafti. Ukipata niutoni 715 na 1,072, umeelewa kwa nini mafundi wazoefu hawapendi puli ndogo.