Interferoni hutega, virusi hufyatua: jinsi seli inavyofunga utengenezaji wa protini

Mabibi na mabwana, nianze kwa kuondoa dhana moja. Interferoni, protini ambayo seli hutoa inapovamiwa na virusi, haiui virusi. Ichanganye na virusi ndani ya mrija wa maabara, uone: vitabaki vizima na vitaambukiza kama kawaida. Mwaka 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliweka virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto pamoja na utando wa yai la kuku. Utando ule ulitoa kitu ndani ya majimaji, na utando mpya uliopewa majimaji hayo ukavizuia virusi hai kuzaliana. Kazi hufanywa na seli yenyewe. Interferoni ni mleta habari.

Njia ya habari hiyo nitaipita mbio. Interferoni alfa au beta hushika kipokezi juu ya seli. Kwa ndani, vimeng'enya JAK1 na TYK2 hubandika fosfeti kwenye protini STAT1 na STAT2. Hizi huungana na IRF9, huingia kwenye kiini na kuwasha mamia ya jeni. Leo tunazitaka chache tu: ya PKR na zile za OAS, vimeng'enya viwili vya kujikinga na virusi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Seli iliyopata interferoni haijasimamisha chochote bado. Inaendelea kutengeneza protini zake, kwa sababu PKR na OAS huzalishwa zikiwa zimelala. Kinachoziamsha ni RNA ya nyuzi mbili, ambayo virusi vingi huiacha vinapojinakili na ambayo seli yenye afya huwa nayo kidogo mno kwenye saitoplazimu. Ni mtego hasa: umetegwa, haujafyatuka.

PKR huhitaji RNA ya nyuzi mbili yenye jozi za besi zipatazo 30 au zaidi, ili molekuli mbili za PKR zikae juu yake zikitazamana. Zikikaribiana hubandikana fosfeti, na hapo huwa kali. Windo lao ni eIF2, protini inayoipeleka methionini, asidi ya amino inayoanza kila protini, kwenye ribosomu (mashine ya kutengeneza protini) ikiwa imebeba GTP, molekuli yenye nishati. Kila safari ikiisha, GTP imegeuka GDP, na ni lazima protini nyingine, eIF2B, iondoe GDP hiyo ili GTP mpya iingie. PKR hubandika fosfeti kwenye serini ya 51 ya sehemu ya alfa ya eIF2. Tangu hapo eIF2 hiyo humng'ang'ania mbadilishaji wake, eIF2B, na haimwachii. Na kwa kuwa eIF2B ni chache kuliko eIF2, si lazima eIF2 yote ipate fosfeti: sehemu tu yake inatosha kukwamisha kiwanda kizima. Kwa maoni yangu hakuna kipengele kizuri kuliko hiki katika somo lote.

Tahadhari kwa wanaofanya majaribio: ukiongeza RNA ya nyuzi mbili kupita kiasi, PKR haiamki. Kila molekuli hupata uzi wake peke yake na haikutani na mwenzake. Anayeanza hudhani RNA yake imeharibika, huongeza nyingine, na mambo huzidi kudorora. Anza na nanogramu kwa mililita, si mikrogramu. Pia, fosfeti kwenye serini ya 51 haithibitishi kwamba ni PKR iliyofanya kazi, maana vimeng'enya vingine vya seli, PERK, GCN2 na HRI, hulenga palepale. Linganisha na seli zisizo na PKR. Na usisahau vizuizi vya fosfatazi (vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti) na barafu wakati wa kupasua seli, la sivyo alama unayoitafuta itafutika mikononi mwako.

OAS huenda njia nyingine. Hutumia ATP kutengeneza minyororo mifupi ya adenilati (herufi A ya RNA) iliyofungwa 2′-5′, si 3′-5′ tuliyoizoea. Mnyororo wenye adenilati tatu au zaidi huziunganisha RNase L, vimeng'enya vya kukata RNA, mbilimbili, nazo hukata RNA ya uzi mmoja, hasa baada ya herufi UU na UA. Hazibagui: RNA ya virusi hukatwa, RNA za seli nazo hukatwa, hata zile za ribosomu. Ukiona vipande vya 28S na 18S, RNA kubwa za ribosomu, vimejipanga kwa mistari dhahiri kwenye jeli, RNase L imepita. RNA iliyooza ovyo huonekana kama doa lililotambaa. Seli hubomoa minyororo hiyo upesi, kwani ukataji ukiendelea, seli yenyewe hufa.

Virusi navyo havilali. Adenovirusi hutoa RNA fupi, VA I, inayoishika PKR bila kuiamsha. Kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwanza nchini Kenya mwaka 1931. Protini ya virusi vyake, NSs, huzuia seli kunakili jeni ya interferoni, kisha huipeleka PKR kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kubomoa protini, ikavunjwe. Aina ya virusi hivyo iitwayo Clone 13 imepoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs. Panya wa kawaida huistahimili. Panya walioondolewa kipokezi cha interferoni huuawa nayo. Ukitaka kupima ni kiasi gani cha interferoni Clone 13 inachochea, usitumie seli za Vero, seli za figo ya nyani zinazokuzwa maabara: zimepoteza jeni za interferoni alfa na beta, kwa hiyo utapata sifuri. Lakini zikipewa interferoni kutoka nje, siku moja kabla ya virusi, hujikinga vizuri tu.