Ukurasa Haufunguki: Kuitafuta Hitilafu ya Seva ya Nyumbani kabla ya Kufuta Kadi

Mafundi wenzangu, wanafunzi na wote mliofika, habari za jioni.

Mada yetu leo ni nyembamba. Mtu ameweka Home Assistant kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, amechomeka umeme, ameandika homeassistant.local:8123 kwenye kivinjari, na hapati kitu. Kwa asiyeijua, Home Assistant ni programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Huunganisha taa, swichi, kamera, pampu na vihisi vya nyumba kwenye seva moja iliyomo ndani ya nyumba hiyohiyo. Nitaizungumzia hiyo kwa kuwa ndiyo wengi wanayoanza nayo, lakini mpangilio wa kutafuta hitilafu ni uleule kwa seva yoyote ya aina hii.

Ninachowaomba jioni hii ni kimoja: msifute kadi ya kumbukumbu iliyobeba mfumo kabla hamjajua seva imekwama wapi. Mtu akiona ukurasa haufunguki, mkono wake wa kwanza huenda kwenye kuflashi upya, yaani kuuandika mfumo wote tena kwenye kadi. Akifanya hivyo amefuta ushahidi, na amemaliza bando pia, kwa sababu mfumo unapowaka mara ya kwanza hupakua mamia ya megabaiti kabla haujawa tayari. Ukiflashi mara tatu, umelipia mara tatu. Na kama kosa lilikuwa kwenye chaja au ruta, utalikuta palepale.

Tuanzie kwenye kivinjari chenyewe, maana kinasema mengi na watu hawakisomi. Kuna jibu la aina tatu. Ukiona DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, maana yake jina halikupatikana. Seva yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Ukiona ERR_CONNECTION_TIMED_OUT, ombi lako limetoka na halikujibiwa: kifaa kimezimika, kiko kwenye mtandao mwingine, au kuna ukuta wa usalama katikati. Ukiona ERR_CONNECTION_REFUSED, furahi kidogo, kwa sababu kifaa kimefikiwa na kimekujibu, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, yaani mlango wenye namba 8123 mwishoni mwa anwani. Hizi ni hitilafu tatu tofauti na kila moja ina njia yake. Anayesema tu "haifunguki" hawezi kusaidiwa. Anayeleta maneno halisi ya kwenye skrini amekwishamaliza nusu ya kazi.

Kabla ya yote hayo, angalieni mwanzo wa anwani. Vivinjari vya sasa hupenda kujaza https vyenyewe, na Home Assistant iliyowekwa sasa hivi haina cheti cha usalama ambacho https hukidai. Inasikiliza http peke yake. Andika http:// kwa mkono wako, kisha jina, kisha :8123. Na kama simu au kompyuta ina VPN, izime kwanza.

Sasa twende kwenye jina. homeassistant.local halitafutwi kwenye intaneti. Kifaa chenyewe hulitangaza ndani ya mtandao wa nyumba kwa utaratibu uitwao mDNS, kupitia poti 5353 ya UDP. Simu nyingi za Android za zamani hazilielewi. Ruta zenye kipengele cha kutenganisha wateja wa Wi-Fi hulizuia, na mtandao wa wageni hulizuia karibu kila mara. Kwa hiyo jina likishindwa, liache, tafuta anwani ya IP. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, fungua orodha ya vifaa vilivyopewa anwani na DHCP, yaani sehemu ya ruta inayogawa anwani, tafuta kinachoitwa homeassistant. Tuseme umekuta 192.168.1.47, andika http://192.168.1.47:8123. Ukifunguka, huna tatizo la seva, una tatizo la jina.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Nyumba ina ruta ya kampuni ya intaneti, na mwenye nyumba ameongeza ruta yake ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Raspberry Pi imechomekwa kwenye ya kwanza, inapewa 192.168.1.47. Simu iko kwenye Wi-Fi ya pili, inapewa 192.168.0.12. Hiyo ni mitandao miwili, na jina la .local halivuki. Ama chomeka vyote kwenye ruta moja, ama ibadilishe ruta ya pili ifanye kazi ya kurusha Wi-Fi tu, na DHCP yake izimwe.

Kifaa kisipoonekana kwenye orodha ya ruta, rudi kwenye umeme. Raspberry Pi 4 inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 3. Raspberry Pi 5 imetengenezewa ya ampea 5. Chaja ya simu itawasha taa nyekundu, na hapo ndipo inapodanganya, kwa sababu taa kuwaka hakuthibitishi kwamba umeme unatosha. Volti ikishuka chini ya 4.63 kifaa hutoa onyo la umeme mdogo, na kwenye Pi 4 taa nyekundu huzima au kupepesa. Chanzo mara nyingi ni kebo nyembamba na ndefu, chaja yenyewe haina kosa. Diski ya USB ikiongezwa juu ya hapo, mfumo huanza kuwaka, hufika katikati, kisha huanza upya bila mwisho.

Taa ya kijani nayo isomwe. Ikipepesa bila mpangilio, kadi inasomwa, subiri. Ikipepesa mara 4 kwa mfuatano unaojirudia, kifaa hakikupata faili la kuanzishia kwenye kadi. Mara 7, hakikupata kiini cha mfumo endeshi. Hali zote mbili zinaelekeza kwenye kadi iliyoandikwa vibaya, au picha, yaani nakala kamili ya mfumo, isiyo ya kifaa hicho. Picha ya rpi4-64 ni ya Pi 4, ya rpi5-64 ni ya Pi 5, na ya mini PC za Intel au AMD inaitwa generic-x86-64. Watu huchanganya hiyo ya mwisho na generic-aarch64, ambayo ni ya mashine za ARM. Wapo pia wanaoburuta faili la .img.xz na kuliweka ndani ya kadi kama wimbo. Picha haiwekwi hivyo. Huandikwa kwa Raspberry Pi Imager au balenaEtcher. Ukimaliza kuandika, Windows itakuuliza kama uformati kadi kwa sababu haitambui sehemu zake nyingine. Kataa. Ukikubali, utafuta kile ulichokiandika dakika moja iliyopita.

Kuhusu kadi zenyewe niseme kwa mkazo, maana soko letu lina nyingi za bandia. Kadi imeandikwa 64GB, ndani ina 8. Uandishi wa picha unapita vizuri kwa sababu picha ni ndogo; mfumo unapojitanua kujaza kadi nzima, data inaandikwa mahali pasipokuwepo na kila kitu kinaharibika. Ipime kabla: H2testw kwa Windows, f3write ikifuatiwa na f3read kwa Linux. Chukua ya 32GB au zaidi yenye alama ya A2, yaani ya kasi ya kuendesha programu. Ukiweza SSD, chukua SSD.

Sasa tufike mahali penye mambo mengi: mara ya kwanza kuwaka. Kilichomo kwenye picha uliyoandika ni mfumo endeshi na msimamizi anayeitwa Supervisor. Home Assistant yenyewe, yaani Core, hupakuliwa baadaye kama kontena, yaani programu iliyofungashwa pamoja na mahitaji yake. Wakati huo poti 8123 huonyesha ukurasa wa kusubiri unaosema inaandaliwa. Kwa intaneti nzuri ni dakika chache. Kwa intaneti ya kawaida 20 ni jambo la kawaida, na kwa ya polepole zaidi ya hapo. Tumia kebo ya mtandao, usianze na Wi-Fi. Na katika muda huu usichomoe umeme, kwa sababu ukikatiza upakuaji ndipo unapojitengenezea hitilafu ya kweli.

Je, utajuaje kama inafanya kazi au imekwama? Fungua poti nyingine: http://192.168.1.47:4357. Huyu ni mwangalizi, ukurasa mdogo mno usiotegemea Core. Unaonyesha mistari mitatu: kama Supervisor ameunganishwa, kama usakinishaji unatambulika rasmi, na kama uko mzima. Poti 4357 ikijibu, umeme mzuri, kadi inasomeka, mtandao wa ndani upo, anwani ni sahihi. Imebaki Core peke yake. Sioni sababu ya fundi yeyote kuflashi kadi kabla ya kufungua poti hiyo.

Ikijibu na 8123 bado imegoma, chomeka skrini na kibodi. Pi 4 na 5 zina tundu dogo la micro-HDMI. Tumia lile lililo karibu na tundu la umeme. Mfumo ukimaliza kuwaka utaona anwani ya IP na alama ya ha >. Kama anwani inaanza na 169.254, DHCP haikukipa kifaa anwani: kagua kebo na tundu la ruta. Kama anwani ni nzuri, andika supervisor logs na usome mistari ya mwisho. Utakuta moja kati ya mambo haya.

La kwanza, majina ya intaneti hayapatikani, yaani DNS ya ruta ni mbovu. Andika dns options --servers dns://1.1.1.1, kisha dns restart.

La pili ni saa, na hili halifikiriwi kabisa. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Pi 5 ina sehemu yake, lakini betri hununuliwa kando. Ikiwaka, huanza na tarehe ya zamani na kuuliza saa sahihi mtandaoni kupitia poti 123 ya UDP. Mtandao wa ofisi au chuo ukifunga poti hiyo, tarehe inabaki ya nyuma, na vyeti vya usalama vilivyotolewa baada ya tarehe hiyo vinaonekana bado havijaanza kutumika. Upakuaji unakataliwa, ingawa intaneti ipo. Andika login kwenye ha >, kisha date. Kumbuka inaonyesha saa ya UTC, saa 3 nyuma ya Afrika Mashariki, kwa hiyo tofauti hiyo si kosa. Ikiwa miezi nyuma, weka kwa date -s na tarehe kamili, kisha ruhusu poti 123.

La tatu, nafasi imeisha: kadi ndogo au bandia. La nne ni nadra: mtandao wako unatumia anwani za 172.30.32, ambazo mfumo huzitumia ndani kwa kontena zake. Badilisha za ruta.

Kama Core imepakuliwa lakini haisimami, core logs itasema kwa nini, core check itakagua faili la configuration.yaml, na core rebuild itajenga upya kontena bila kugusa mipangilio yako. Ndani ya YAML kosa kuu ni kutumia tabo. Mapengo yawe ya nafasi, mbilimbili.

Wanaotumia VirtualBox, yaani mashine pepe ndani ya kompyuta: washa EFI, toa RAM isiyopungua 2GB, na adapta ya mtandao iwe Bridged. Ikibaki NAT, seva itawaka vizuri ndani ya mashine pepe, na simu yako haitaiona kamwe. Kwenye mini PC zima Secure Boot. Wanaotumia Docker, programu ya kuendesha kontena, peke yake, wekeni --network=host, na msitafute poti 4357, kwani njia hiyo haina Supervisor.

Ukurasa wa kufungua akaunti ukitokea, kuna kazi mbili kabla ya kuongeza taa hata moja. Ruta impe Raspberry Pi anwani ileile siku zote, kwa kuifungia kwenye namba yake ya MAC, yaani utambulisho wa kifaa chenyewe kwenye mtandao. Kisha tengeneza nakala rudufu na uitoe nje ya kifaa, pamoja na ufunguo wake, kwa sababu tangu toleo la 2025.1 nakala kwa kawaida hufungwa kwa msimbo, na bila ufunguo huo haifunguki.

Karibuni kwa maswali. Mwenye kompyuta yenye hitilafu aje nayo mbele, na atusomee kwanza maneno yaliyo kwenye skrini.