Keti Mkekani Ucheze na Mwanao

Wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Leo nataka tuzungumze jinsi mchezo unavyomsaidia mtoto mdogo kumudu hisia zake.

Kuna mchezo kila mmoja wetu anaujua. Mama anajifunika khanga usoni, anauliza, "Mama yuko wapi?" Mtoto anatulia, macho kayatoa. Khanga inashuka: "Huyu hapa!" Kicheko mpaka pumzi zinamwishia. Sasa tazameni kilichopita hapo. Kwa sekunde mbili tatu mtoto aliingiwa na wasiwasi, akauvumilia, na mama akarudi. Ndivyo anavyozoea kidogo kidogo kwamba anayeondoka hurudi, na siku utakapomwacha kwa bibi yake ukaenda sokoni, atakuwa na pa kuanzia.

Hasira za mtoto wa miaka miwili humzidi nguvu. Sehemu ya ubongo inayozuia pupa na ghadhabu bado ni changa mno, kwa hiyo kwanza hutulizwa na mtu mzima, ndipo taratibu hujifunza kujituliza. Mnapanga makopo, yanaanguka, anarusha moja ukutani na kuangua kilio. Tumezoea kusema, "Nyamaza, mtoto wa kiume halii!" Nawasihi mseme hivi: "Umekasirika. Makopo yameanguka. Pole baba. Tupange tena?" Hapo umempa neno la kinachomchoma, na umemwonyesha kwamba hasira hupita na mchezo huendelea. "Zamu yako, sasa yangu" nayo humfundisha kungoja, na kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika umri ule.

Haya yamepimwa. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, Jamaika, watafiti walichagua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini. Baadhi walipewa lishe ya ziada. Wengine walitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii saa moja kila wiki, kwa miaka miwili, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa mikono. Wengine walipata vyote viwili. Waliochezewa, walipofika miaka 17 na 18, walikuwa na wasiwasi na sonona kidogo kuliko wenzao ambao hawakuchezewa, na walijithamini zaidi. Wakiwa na miaka 22, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25. Lishe peke yake haikuacha alama hiyo. Simaanishi uji si muhimu! Mtoto ale, na achezewe.

Najua mtaniambia hamna pesa wala muda. Chupa tupu ya maji, tia maharage, kaza kifuniko sawasawa asije akayameza: kayamba hiyo. Muda, chukueni ule wa kumwogesha, au wa kuchambua mchele. Simu iwekeni mbali. Halafu mwacheni mtoto aongoze. Akigeuza sufuria kuwa kofia, nawe vaa. Tusimsahihishe kila dakika.

Akina baba, nanyi nawaomba. Msingoje mtoto afikie umri wa kupiga mpira. Mtoto wa mwaka mmoja anakuhitaji sakafuni sasa hivi.

Mikeka imetandikwa pale chini ya mwembe, na makopo yapo. Njooni na watoto tucheze nusu saa, maswali nitayajibu hapo hapo.