Ufute, Lakini Usinibadilishie Maneno

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wasimamizi wa makundi ya mtandaoni, asanteni kwa kunialika hapa Kampala. Mmeniuliza kama msimamizi apewe uwezo wa kuhariri ujumbe wa mwanachama. Kufuta, nakubali. Kuhariri, hapana.

Chukua kundi la SACCO, yaani chama cha kuweka na kukopa. Mwanachama anaandika: "Mweka hazina alete stakabadhi za Machi." Msimamizi anaona maneno ni makali, na kwa nia njema kabisa anayalainisha: "Mweka hazina, ukipata nafasi tuletee stakabadhi za Machi." Jina la mwandishi ni lilelile, ila dai limegeuka ombi, na mwenyewe hana habari. Waliokuwa wakingoja mtu wa kuthubutu watadhani naye ameogopa. Ujumbe ukifutwa, watu huona pengo wakauliza. Ukibadilishwa kimyakimya, nani atauliza?

Hapa Uganda jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho 2022, imewafikisha watu mahakamani kwa maneno waliyoandika mtandaoni. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha sheria hiyo, kilichofanya mawasiliano ya kuudhi kuwa kosa, na nilifurahi sana, lakini sheria haikuondoka yote. Basi ukigeuza neno moja chini ya jina langu, polisi watagonga mlango wa nani? Wangu, si wako.

Wakubwa pia wamejaribiwa na uwezo huu. Novemba 2016 Steve Huffman, mkuu wa mtandao wa majadiliano wa Reddit, aliingia kwenye maoni ya watu waliokuwa wakimtukana, akaondoa jina lake na kuweka majina ya wasimamizi wao. Alikiri, akaomba radhi. Lakini watumiaji walikuwa wameshajua kwamba maneno yao yanaweza kuguswa bila wao kujua.

WhatsApp, mnayoitumia wengi, imeliweka vizuri: msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mtu, hawezi kuuhariri. Mwenyewe ana dakika 15 za kuurekebisha, na alama ya kwamba umehaririwa inabaki. Mtaniambia Wikipedia kila mtu anahariri. Ndiyo, lakini makala ya kule si kauli ya mtu mmoja, na kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti iliyolifanya.

Kuna ndugu ameniuliza pale mlangoni: je, mtu akibandika namba ya simu ya mgonjwa? Futa ujumbe wote, mara moja. Kisha mtumie mwandishi maneno yake faraghani, mwambie sababu, na umwombe aurudishe bila namba. Najua inachosha, hasa usiku, kundi likiwa na watu mia mbili. Hata hivyo maneno ni yake, na akiamua kutoyarudisha kabisa, hiyo nayo ni haki yake.